Mnyama wa Sponji Anatisha Ukimheshimu

Msomaji ameniandikia kwamba anataka kutengeneza filamu ya mbwa muuaji kwa hela kidogo, na aiharibu makusudi "ili ichekeshe, ipate mashabiki". Ndugu yangu, hapo ndipo wengi wanapopotelea. Filamu hizi hupata mashabiki wa kudumu kwa sababu waliozitengeneza hawakuwa wanatania. Katika The Killer Shrews ya 1959, virukanjia wakubwa ni mbwa waliovalishwa manyoya, lakini waigizaji wanawakimbia kwa dhati. Mtazamaji anacheka, na bado hatoki. Ukianza kumkonyeza, umempoteza.

Sasa kazi. Mwili mzima wa nini? Kichwa na miguu miwili ya mbele vinatosha. Chonga kichwa kwa sponji ngumu, taya ya chini uifunge bawaba, mkono uingilie nyuma. Manyoya yabandikwe kuanzia shingoni kwenda puani, kila safu ikifunika mashina ya iliyotangulia. Ukianzia puani, gundi yote itaonekana. Macho yapake vanishi inayong'aa na ufizi uupake gliserini, maana mnyama mkavu huonekana mwanasesere. Kama kuna mvua au mto, ipake sponji lateksi, yaani mpira wa kimiminika, mapema. Isipopakwa hunywa maji, ikawa nzito, na taya ikagoma katikati ya shambulio.

Taa ziweke nyuma na ubavuni. Ukimmulika usoni, kila mshono utasema. Kwenye uhariri, mwonyeshe mnyama kwa fremu (picha moja moja za filamu) 12 hadi 24 tu kila mara, yaani nusu sekunde hadi sekunde moja, maana filamu huonyeshwa fremu 24 kwa sekunde.

Wanaotaka mnyama mkubwa kuliko nyumba watumie vijumba vya mfano, lakini wapige hesabu: kipimo cha robo ya ukubwa halisi kinataka urekodi fremu 48 kwa sekunde, cha moja ya 16 kinataka 96, kisha uonyeshe kwa 24 za kawaida. Usipofanya hivyo, kila kitu kitatembea kwa wepesi wa kitu kidogo. Night of the Lepus ya 1972 iliwapiga picha sungura halisi kati ya majengo ya mfano, kwa mwendo uliopunguzwa, na bado ni sungura. Chagua mnyama mwenye meno!

Damu: nusu lita ya sharubati nzito ya glukosi, rangi nyekundu ya chakula, kijiko cha kakao iliyokorogwa kwanza kwa maji ya vuguvugu. Bila kakao inatoka ya waridi.

Sauti ndiyo inayopuuzwa, nayo ni rahisi kuliko vyote. Rekodi pumzi zako karibu na maikrofoni, punguza kasi kwa nusu, kisha chini yake weka mlio wa kabichi inayovunjwa kwa mkono. Ianze kusikika kabla mnyama hajaonekana.