Jibu: Boma la Kale lipi liko kwenye picha yako?

Mkuu, umeuliza kwa nini picha zako za "Boma la Kale" zinachanganywa na za miji mingine. Jina hilo ni la majengo kadhaa, na kosa kubwa ni kudhani kila boma ni la Mjerumani. La Dar, kwenye kona ya Sokoine Drive na Barabara ya Morogoro, lilijengwa miaka ya 1860 enzi za Sultani Majid wa Zanzibar, takriban miaka ishirini kabla Wajerumani hawajatawala. Kwa hiyo anza na mlango: wa Dar ni wa mbao za kuchonga, wa Kizanzibari, na kuta ni nene za mawe ya matumbawe. Nyeupe lenye mnara ni la Mikindani, la 1895. La Arusha sasa ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Bagamoyo nako kuna la Wajerumani.

Picha ikiwa ya karibu mno, soma latitudo (nyuzi za umbali kutoka ikweta) ndani ya faili, kama kamera iliihifadhi: Arusha ni kama 3.4 kusini, Bagamoyo 6.4, Dar 6.8, Mikindani 10.3. Kisha andika mji, mtaa na aliyejenga kwenye jina la faili lenyewe, maana maelezo ya pembeni hupotea picha ikisambazwa. Tafadhali usiliache jina hilo bila mji.