Kabla hujachagua kati ya EB-1A na NIW

Wadogo zangu mnaomaliza udaktari au mnaoanza kazi za utafiti hapa Marekani, swali la grini kadi mnaniuliza kila mara: nijaze EB-1A (ya waliofika kileleni mwa fani yao) au NIW (ya wanaoondolewa sharti la mwajiri kwa manufaa ya taifa)? Nami huwauliza kwanza: kuna mtu asiyekujua kabisa ambaye ametumia kazi yako?

Mimi nilianza vibaya. Kazi yangu ni kuondoa floridi kwenye maji ya visima, tatizo nililokua nalo Arusha, ambako meno ya kahawia si ajabu. Vigezo vya EB-1A ni kumi na vinatakiwa angalau vitatu. Nilikuwa na makala, nilikuwa nimepitia miswada ya wenzangu, na niliamini mchango wangu unajieleza. Nikahesabu vitatu, nikatuma. Idara ya uhamiaji ikaomba ushahidi zaidi, kisha ikanikatalia.

Sikuwa nimeelewa kwamba vile vitatu ni mlango tu. Tangu hukumu ya Kazarian ya mwaka 2010, ofisa akishahesabu hurudi kupima faili zima: je, huyu ni mmoja wa wachache waliofika kileleni mwa fani yake, na sifa yake imedumu? Nilikuwa mtafiti mzuri, miaka minne tangu nihitimu. Kileleni sikuwa, na halikuwa jambo la kuonea aibu.

NIW iko chini ya EB-2, kundi la wenye elimu ya juu au umahiri, kwa hiyo uwe na shahada ya uzamili au zaidi, au ya kwanza na miaka mitano ya uzoefu unaopanda, au uthibitishe umahiri usio wa kawaida katika fani yako. Kisha, kwa uamuzi wa Dhanasar wa 2016, uonyeshe kwamba shughuli unayokusudia ina manufaa na uzito wa kitaifa, kwamba wewe unaweza kuisukuma mbele, na kwamba nchi itafaidika ikikuondolea masharti ya mwajiri na kibali cha Wizara ya Kazi. Neno la kushika hapo ni shughuli. Rasimu yangu ilisema nitaendelea kuwa mhandisi wa maji. Wakili akaifuta sentensi nzima. Tukaandika upya: vichujio vya bei nafuu kwa visima vya watu binafsi vijijini, ambavyo sheria ya shirikisho ya maji ya kunywa haivigusi. Hapo faili likapata uti wa mgongo.

Barua za mapendekezo ndizo zilizonifundisha zaidi. Usiku mmoja nilizitandaza zote mezani nikiwa na kalamu nyekundu. Ya profesa wangu, kurasa tatu, ilisema mimi ni hodari, mchapakazi, mnyenyekevu. Nilimshukuru kwa moyo wote, lakini sikupata cha kupigia mstari. Ya mhandisi nisiyewahi kuonana naye ilikuwa ukurasa mmoja: walisoma makala yetu, wakabadilisha mkaa wa mifupa kwenye kichujio chao, na vipimo vya kabla na baada vilikuwa hivi na hivi. Tafuteni barua za namna hiyo, hata kama ni mbili tu.

Ukiweza kulipia maombi mawili, unaruhusiwa kujaza yote kwa pamoja. NIW ikikubaliwa, tarehe yake ya foleni (siku ulipowasilisha ombi, inayoamua zamu yako ya kupata kadi) unaweza kuihamishia kwenye EB-1A baadaye. Na foleni hufuata nchi uliyozaliwa, si pasipoti. Mwenye pasipoti ya Kenya aliyezaliwa India husimama kwenye foleni ndefu ya India, isipokuwa mwenzi wake amezaliwa kwingine na wanaomba pamoja. Mhindi aliyezaliwa Mombasa huhesabiwa Kenya.

Jambo la mwisho, hasa kwenu mliokuja kwa ufadhili wa Fulbright au kwa viza nyingine ya J-1 (ya mabadilishano ya kitaaluma): someni maandishi madogo kwenye viza na kwenye DS-2019, hati ya programu yenu. Sharti la kurudi nyumbani miaka miwili likikuhusu, ombi lako linaweza kukubaliwa na bado kadi usipewe mpaka ulitimize au usamehewe. Rafiki yangu aligundua hilo akiwa ameshapata barua ya kukubaliwa. Alirudi Morogoro, akafundisha miaka miwili, na ile barua ikamngoja.