Re: Wachoraji wanawake wa Baroque na picha za vyakula

Mkuu, umeuliza kwa nini wachoraji wanawake wa enzi za Baroque (sanaa ya Ulaya ya karne ya 17 hivi) walichora sana matunda na jibini badala ya watu. Sababu kubwa ni kwamba hawakuruhusiwa kujifunza kuchora mwili kwa kumwangalia modo aliye uchi, na bila hiyo kuchora zile picha kubwa za Biblia na vita ilikuwa shughuli kwelikweli, basi wengi wakabaki kuchora vyakula vilivyopangwa mezani. Ila usidhani ni kazi ndogo! Mtafute Clara Peeters wa Antwerp, ile picha yake ya jibini na lozi iliyopo Mauritshuis, jumba la makumbusho la The Hague, Uholanzi, aliichora kama 1615 hivi. Vuta karibu pale kwenye kisu, jina lake limechongwa kwenye mpini, halafu angalia mfuniko wa jagi, kuna uso mdogo sana unaonekana mle, ni yeye mwenyewe! Mi hapo huwa naganda kabisa. Na siagi ile iliyokwanguliwa juu ya jibini, yani unaona inataka kuyeyuka. 2016 jumba la makumbusho la Prado, Madrid, lilimfanyia maonyesho yake peke yake, mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo pale. Ukitoka kwake nenda kwa Louise Moillon wa Paris, uone cheri na stroberi zake.