Jibu: Kijana aanze na wanyama kabla ya kamera

Ndugu yangu wa Iringa, umeuliza kama mwanao anayetamani kutangaza vipindi vya wanyamapori aanze kwa kununua kamera. Kwa maoni yangu, aanze na wanyama wenyewe. Steve Irwin, mtangazaji wa vipindi vya wanyamapori wa Australia, aliyezaliwa mwaka 1962, alikulia katika hifadhi ya wanyama watambaao ambayo wazazi wake waliifungua Beerwah mwaka 1970, akafundishwa na baba yake kukamata mamba tangu utotoni, na televisheni ilimjia mwaka 1996, akiwa mtu mzima. Sisi tunao Mto Ruaha Mkuu na mamba wake. Kijana afuatane na waongozaji wa hifadhini, ajifunze nyayo na tabia. Tena asizoee hatari, maana Irwin, pamoja na uzoefu wote huo, aliuawa na samaki aitwaye taa mwaka 2006.