Gari inachemsha nikivuta boti tu, nikiwa mtupu haina neno

Swali: Assalaam alaykum fundi. Nakaa Micheweni, Pemba, nina Hilux ya dizeli, injini ya 3L. Mara mbili kwa mwezi navuta boti ya fiberi kwenye tela mpaka Wesha. Nikiwa mtupu naenda Mkoani na kurudi, gari haina neno. Nikifunga tela, milima ikianza tu mshale wa joto unapanda karibu na nyekundu. Nikisimama, injini ikabaki inanguruma, baada ya dakika tano unashuka. Fundi wa hapa ameshatoa thamostati, ile vali inayofungulia maji ya moto yaende kwenye rejeta, haikusaidia kitu. Sasa anasema ni gasketi ya silinda hedi, tufungue. Maji natia ya kisima, naongeza kidogo kila wiki. Nifungue?

Jibu: Waalaykum salaam ndugu yangu. Usifungue, bado. Gasketi iliyoungua mara nyingi haingojei tela. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, toa kifuniko cha rejeta, uwashe, uchungulie. Ukiona mapovu yanatoka mfululizo bila kukoma, au ukirudisha kifuniko mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja na maji bado baridi, basi gasketi ina kesi ya kujibu. Kama hakuna, tuiache hedi ilale.

Dizeli unayochoma, kama theluthi tu ndiyo inayosukuma gari. Theluthi nyingine inatoka na moshi, na sehemu kubwa ya iliyobaki anatwishwa rejeta. Mlimani na boti nyuma, injini inachoma mafuta mengi huku wewe unakwenda kilomita 30 kwa saa, upepo wa mbele haupo. Rejeta iliyobakiwa na nusu ya nguvu zake inaweza kukusitiri ukiwa mtupu. Ukiitwika boti, inakutia aibu.

Na nilipofika kwenye "maji ya kisima" nikasimama. Huko kwenu ardhi ni ya mawe ya matumbawe, maji yake yamejaa chokaa. Tazama ndani ya birika lako la chai: ule ukoko mweupe ndio uliomo kwenye mirija ya rejeta yako, na mirija ile ni myembamba kuliko mdomo wa birika. Tena kila wiki unaongeza maji, maana yake kila wiki unaongeza chokaa.

Kuipima, endesha mpaka injini ipate moto, zima, kisha pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta bila kuigusa. Palipoziba utapasikia pamepoa kuliko pengine. Ukipata kile kipima joto cha kulenga kama bastola ni bora zaidi, lakini siyo kile cha paji la uso tulichokizoea wakati wa korona, kipimo chake hakifiki huko. Halafu bonyeza kwa ukucha vile vibati vyembamba vya katikati ya mirija. Gari inayoshinda pwani, chumvi inavila taratibu. Vikimong'onyoka kama unga, rejeta hiyo haivuji lakini haipozi tena, na hakuna dawa ila nyingine.

Ikiwa ni ya shaba, fundi wa rejeta anaweza kuifungua matangi na kuisugua mirija. Ya aluminiamu na plastiki usimpe, badilisha. Baada ya hapo tia kulanti, yaani dawa ya maji ya rejeta, iliyochanganywa tayari, au uichanganye na maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri. Soma chupa vizuri, isiwe asidi. Ukikosa kabisa, maji ya mvua ya masika uliyokinga ni bora mara kumi kuliko ya kisima.

Feni nayo usiisahau. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, isukume kwa mkono: inatakiwa ikupe uzito kidogo. Ikizunguka yenyewe kama pia, au ukaona mafuta yamechuruzika katikati yake, klachi ya feni imekufa. Na lile kava la plastiki linalozunguka feni lipo? Nimeona Hilux nyingi mafundi wamelitoa wakati wa matengenezo halikurudi tena, kisha mwenye gari anashangaa upepo unakwenda wapi.

Kifuniko cha rejeta ni cha bei ndogo, badilisha tu bila kujiuliza. Kile cha 0.9 bar kinayafanya hata maji matupu yasichemke mpaka karibu nyuzi 118. Mpira wake ukilegea, unarudi kwenye 100, na huenda ndiko yanakokwenda maji yako ya kila wiki.

Thamostati irudi. Hapa sikubaliani na mwenzangu hata kidogo. Kwenye injini nyingi za aina hii, ikifunguka huwa pia inaziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita rejeta. Mlimani ndiyo hasara tupu. Nunua ya nyuzi 82, uijaribu kwenye sufuria ya maji ya moto kabla ya kuifunga.

Kitu kimoja ambacho hukukitaja: tela. Unaishusha baharini, siyo? Ukifika Wesha safari ijayo, sogeza mkono kwenye kitovu cha kila gurudumu lake. Likiwepo la moto kuliko wenzake, beringi imeliwa na chumvi au breki imekamata, na wewe unavuta boti na nanga yake.

Mpaka hapo utakaporekebisha, panda kwa gia ya tatu injini ikizunguka, usiilazimishe gia ya nne ikawa inagugumia. Feni na pampu ya maji zinafuata mizunguko ya injini. Mshale ukipanda, washa hita ya ndani feni yake juu kabisa, utatoka jasho lakini inasaidia. Ukisimama iache inanguruma kama unavyofanya, ila ukiona mvuke au maji yanamwagika, zima hapo hapo, na kifuniko usikiguse mpaka mpira wa juu ushikike kwa mkono.