Beringi za mashine ya kukereza: jua ringi ya kusukuma, na grisi iwe kidogo

Wakuu mnaokereza miguu ya vitanda na nguzo za ngazi, mashine ikianza kunguruma na patasi inarukaruka juu ya mbao, mara nyingi ni beringi za shafti kule kwenye kichwa cha mashine, pale panapozungusha mbao, na wengi wetu hapo tunakimbilia kopo la grisi. Subirini kwanza. Soma namba iliyoandikwa pembeni ya beringi, mfano 6206, hiyo shimo lake ni mm 30 na nje mm 62, sasa ukikuta imeandikwa 2RS jua imezibwa raba pande zote mbili, grisi imekuja nayo kiwandani, ikishanguruma unanunua mpya basi.

Za wazi, yaani zisizozibwa pembeni, ndo za kuosha. Mi natumia mafuta ya taa na brashi mpaka gololi zing'ae, afu naacha zikauke zenyewe, kompresa sitaki maana upepo unaizungusha kavu kwa kasi na chuma kinakwaruza chuma. Grisi ya lithiamu namba 2 inatosha, isukumeni kwa kidole katikati ya gololi, ijae kama theluthi ya nafasi hivi. Ukijaza yote inapata moto, inalainika, inavujia kwenye mkanda.

Kurudisha sasa, hapa ndo beringi mpya nyingi zinafia. Ukiipandisha kwenye shafti sukuma ringi ya ndani TU, ukiizamisha kwenye kichwa sukuma ringi ya nje TU, kwa sababu ukigonga ile isiyobana nguvu yote inapita kwenye gololi, zinaacha vishimo kwenye njia yake, kwa macho huvioni lakini ukiwasha mashine utavisikia. Tafuta kipande cha paipu kinachokaa sawasawa juu ya ringi husika. Shafti mi nailaza kwenye friza usiku, asubuhi naifuta unyevu, beringi ya wazi naipasha kwenye oili isiyozidi nyuzi 100 na inaingia kwa mkono bila nyundo. Ya 2RS usiitumbukize kwenye oili jamani.

Kazi hii fanyeni mbali na maranda, vumbi la mninga likiingia kwenye grisi umeanza upya.

Nati inayobana beringi kwenye shafti kaza taratibu mpaka mchezo, yaani ule kulegalega, uishe na shafti bado izunguke laini kwa mkono. Washa spidi ya chini kama robo saa, gusa kichwa, vuguvugu ni sawa, ila kikiunguza mkono zima, legeza nati kidogo ujaribu tena.