Mdogo Wangu wa Sakina, Hiyo Laki Nane na Nusu Usiitoe

Jumapili iliyopita tulikuwa tumetoka kanisani hapa Rau, Moshi, mama anamenya ndizi za mtori, ukaingia ujumbe mrefu kwenye simu yangu kutoka Arusha. Aliyeandika ni kijana wa Sakina. Amekuja kumzika bibi yake, na mwezi wa pili anarudi Ohio alikohamia na mama yake. Grinkadi, ile kadi ya ukaazi wa kudumu wa Marekani, anayo. Anachotaka ni jeshi. Kuna mtu mjini, maeneo ya mnara wa saa, anamtoza shilingi 850,000 kwa wiki sita za "kozi ya mtihani wa jeshi la Marekani", na amemwambia nafasi zimebaki mbili tu. Akamalizia: "Dada, nilipe au niache?"

Nilimjibu neno moja: usilipe. Halafu nikaona neno moja halimtoshi, na najua hayuko peke yake. Wengi mnaonisoma mna ndoto hiyohiyo, na wengi mtakutana na mtu wa namna hiyo, hapa au kule. Kwa hiyo leo nasema jambo ambalo kwa miaka mingi nimeliona aibu kulisema.

Mimi nililipa. Nililipa mara mbili. Jumla dola 730.

Niliingia Dallas mwaka 2015 na begi moja na koti la mtumba ambalo mama alinichagulia mwenyewe pale Memorial, soko la mitumba la Moshi. Habari za miezi ya kwanza naziruka, kila aliyehama anazijua. Mwaka 2017 nilikuwa nalea wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu za usiku, nikaamua kuingia jeshini. Mwandikishaji akanieleza kwamba kabla ya yote kuna mtihani unaitwa ASVAB. Haulipiwi hata senti. Alama inayokufungulia mlango inaitwa AFQT, na kwa Jeshi la Nchi Kavu mtu mwenye cheti cha sekondari anatakiwa apate angalau 31.

Thelathini na moja! Nilicheka. Nikajiambia, mimi niliyefaulu hesabu za NECTA kwa C kwenye shule ya kata nitashindwa kupata 31 kwa mia? Lakini hofu haikosekani. Mwenzangu wa kazini akanielekeza kwa mwalimu mmoja mwenye kozi ya wiki nane, dola 450. Jina lake silitaji na sitalitaja. Pesa hiyo ilikuwa imewekwa kwa ajili ya bati za nyumba ya mama. Nilimpigia mama simu kumwomba ruhusa. Akaniambia, "Soma mwanangu, bati hazioti miguu."

Wiki tano kati ya nane tulifanya hesabu. Wiki mbili tukafanya umeme na injini za magari. Maneno ya Kiingereza tulipewa wiki moja, karatasi nne zilizotolewa kopi, kariri nyumbani. Nilikuwa naongoza darasa kwenye hesabu na wenzangu wananisifu. Siku ya mtihani nikaenda kifua mbele.

Nikapata 28.

Niliiangalia namba ile nikasoma F. Ndivyo tulivyolelewa, 28 ni F. Nilikaa kwenye kituo cha basi mpaka giza likaingia. Hakuna aliyenieleza, wala mwalimu niliyemlipa, kwamba AFQT si alama kwa mia. Haihesabu umepata maswali mangapi. Inaonyesha umesimama wapi ukilinganishwa na kundi la vijana wa Marekani wa miaka 18 hadi 23 waliopimwa mwaka 1997. Ukipata 28 maana yake umelingana na au umewapita 28 katika kila 100 wa kundi lile. Mimi niliyeanza kusomeshwa kwa Kiingereza kidato cha kwanza nilikuwa nashindanishwa na watu waliozaliwa ndani ya lugha hiyo. Ningelijua hilo kabla, nisingelia vile. Ningejipanga.

Nikarudi kwa mwalimu. Akaniambia hatua ya kwanza haitoshi kwa mtu kama mimi, kuna hatua ya pili, dola 280. Nikatoa. Ukifeli mara ya kwanza unasubiri mwezi mmoja ndipo urudie, na mwezi huo wote tulirudia hesabu zilezile, tukaongeza na mitego ya kukisia majibu. Nikarudi chumba cha mtihani. 29.

Alama moja kwa dola 280. Nilipomwambia, alinijibu mbele ya darasa kwamba tatizo ni Kiingereza changu, kwamba ni Kiingereza cha sokoni, na kwa hilo yeye hana dawa. Mama yangu ni mtu wa sokoni. Mabelo ya mitumba ndiyo yaliyonisomesha. Maneno yale bado yananichoma leo, na nayaandika nikimsikia mama anaimba jikoni.

Ila ndani ya tusi lile mlikuwa na ukweli ambao yeye mwenyewe hakuujua. Nilianza kuuliza, nikasoma kuhusu mtihani wenyewe badala ya kusoma kwa ajili ya mtihani. Nikagundua hivi, na hapa naomba msome taratibu.

ASVAB ina sehemu nyingi: sayansi, umeme, magari, mitambo na nyinginezo. Lakini AFQT inatokana na sehemu nne tu. Mbili ni hesabu: ya mafumbo, na ya kanuni. Mbili ni lugha: maana za maneno, na ufahamu. Zile mbili za lugha zinaunganishwa kuwa alama moja, halafu alama hiyo inahesabiwa mara mbili. Kila hesabu inahesabiwa mara moja. Yaani nusu nzima ya AFQT ni Kiingereza. Umeme na magari vinasaidia kuchagua kazi utakayopangiwa, lakini kwenye ile 31 havimo kabisa. Na mimi nilikuwa nimelipia wiki mbili za injini.

Sasa tujiangalie sisi tuliotoka shule za huku. ASVAB hairuhusu kalkuleta. Wenzangu wengi darasani walilia kwa hilo. Sisi mtihani wa hesabu wa kidato cha nne tuliufanya bila kalkuleta, na vitabu vya majedwali tulivibeba mpaka vikachanika. Mafumbo ya bei, faida, mwendo na muda? Mtoto aliyekaa kibandani Memorial anayafanya kichwani wakati anamrudishia mteja chenji. Belo la kilo 45 limenunuliwa shilingi ngapi, limetoa suruali ngapi, mbovu ngapi, kila moja iuzwe bei gani ili pesa irudi. Hiyo ndiyo hesabu ya mafumbo. Tunayo tayari. Kinachotuua ni maneno, kwa sababu kila neno unapewa chini ya dakika moja, na mtihani wa kompyuta ukishajibu swali huwezi kulirudia. Ukipatia, linalofuata ni gumu zaidi. Usipolijua neno, hakuna ujanja wa darasani utakaokufumbulia.

Kwa hiyo nikaacha kulipa. Nikachukua kadi ya maktaba ya mtaa, bure. Nikanunua daftari gumu, kaunta ya kwere mbili kama zile za shuleni, nikaanza kuandika maneno. Sikuyakariri kwa orodha. Nilikumbuka mwalimu wetu wa Kiswahili alivyokuwa akitufundisha mzizi na viambishi: soma, somo, msomi, masomo, kisomo. Shika mzizi mmoja, umepata maneno matano. Kiingereza nacho kina mizizi yake, mingi imetoka Kilatini, na viambishi vya mwanzo na vya mwisho ambavyo ukishavijua unaweza kulisogelea neno ambalo hujawahi kuliona maishani. Kila ukurasa wa kaunta niliupa mzizi mmoja. Nilisoma gazeti la siku iliyopita ambalo wazee waliliacha mezani, kila zamu, kuanzia saa nane usiku wakishalala. Kuna bibi mmoja aliyewahi kuwa mwalimu, hakuwa analala vizuri. Akawa ananiuliza maneno gizani. Nikikosea ananiambia, "Tena."

Miezi saba. Sikukimbilia kurudia. Nilirudia mwezi Desemba.

Arobaini na saba.

Nilimpigia mama; kwa saa za huku nyumbani ilikuwa alfajiri. Hakuelewa 47 ni nini, alisikia sauti yangu tu akaanza kupiga vigelegele, majirani wakadhani kuna mtoto kazaliwa. Mwaka uliofuata nilikwenda depo, Fort Jackson, South Carolina, wiki kumi za ukuruta. Nikatumikia miaka minne kwenye ugavi, na sasa jeshi linanilipia masomo ya uuguzi. Bati za mama zilipigwa mwaka 2019, za rangi ya bluu, ukipita njia ya Rau unaziona.

Sasa nirudi kwa mdogo wangu wa Sakina, maana huyo mtu wa mnara wa saa amemwambia mambo matatu na yote matatu yananiumiza.

Amemwambia ana maswali halisi ya mtihani. Maswali ya ASVAB ni siri, na kuyavujisha ni kosa. Anayekuuzia maswali halisi anakudanganya, au anakuuzia kitu cha wizi ambacho kinaweza kukufungia mlango unaoutaka. Maswali ya mfano yapo bure kwenye tovuti rasmi ya mtihani wenyewe. Anza nayo.

Amemwambia Waswahili wanatafutwa kwa lugha yao, kwa hiyo alama ikiwa ndogo itapitishwa. Nimeijua habari hii inakotoka. Ulikuwepo mpango ulioitwa MAVNI, ulioanza mwaka 2009, ukichukua wageni wasio na grinkadi waliokuwa wakiishi Marekani kihalali, wenye lugha fulani, Kiswahili kikiwemo. Ni kweli. Lakini wao walitakiwa AFQT ya 50, juu kuliko wengine, na mpango uliacha kupokea watu wapya mwaka 2016. Kumuuzia kijana habari hiyo leo ni kumuuzia basi lililokwisha kuondoka stendi.

Na amemwambia atampa "barua ya kumuombea nafasi". Hakuna mtu Arusha anayeweza kukuombea nafasi katika jeshi la Marekani. Hata ubalozi hauandikishi watu. Mwenye grinkadi anaandikishwa akiwa kule anakoishi, na mwandikishaji ndiye anayempeleka kwenye mtihani.

Na hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote. Tangu Agosti 2022, Jeshi la Nchi Kavu lina kozi yake Fort Jackson kwa waliopata kati ya 21 na 30. Unafundishwa kwa muda wa hadi siku 90 huku unalipwa mshahara wa askari, kisha unarudia mtihani. Mimi na 28 yangu ningeingia humo. Wakati wangu haikuwepo. Wewe unataka kumlipa mtu laki nane na nusu kwa kitu ambacho jeshi lenyewe linaweza kukulipa wewe ukifanye!

Nimeulizwa pia kama nasema kozi zote ni mbaya. Kama huwezi kukaa na kitabu saa moja bila mtu wa kukusimamia, na pesa unayo isiyo ya bati za mama, lipa. Lakini lipa mwalimu wa Kiingereza. Arusha wapo walimu wastaafu wazuri ambao kwa sehemu ndogo ya hiyo laki nane watakaa na wewe, usome kwa sauti, wakukosoe. Na maktaba ya mkoa ipo palepale mjini. Moshi tunayo pia. Ingieni. Soma kila siku. Andika maneno. Soma tena. Sina siri nyingine, na wanaosema wanayo wanaitaka pesa yenu.

Kuna wanaoniandikia kuhusu uraia. Tanzania hairuhusu uraia pacha, na hilo ni zito, familia inapaswa kulikalia kikao. Nitaliandikia peke yake.

Jambo moja zaidi kabla sijaenda kumsaidia mama. Ukifeli mara ya kwanza, usirudie kwa hasira. Baada ya mara ya kwanza unasubiri mwezi, baada ya ya pili mwezi mwingine, na kuanzia hapo kila kurudia ni baada ya miezi sita. Alama zako zinadumu miaka miwili. Muda upo. Mimi niliuchoma wa kwanza kwa kuona aibu, na sitaki mwingine auchome.

Jumatatu nilitoa kopi ya kaunta yangu yote, kurasa 164, nikaifunga kwa gundi na kumpa dereva wa Kosta ya Arusha. Kijana aliipokea saa tisa alasiri. Jioni akanipigia: ukurasa wa tatu kuna neno nimelipigia mstari mara mbili, lina maana gani?

Nikamuuliza kama ana kamusi. Akasema anayo ya shuleni. Nikamwambia aifungue, nasubiri kwenye simu.